Mwaka Ambao Simu Haikuita

Taarifa ya kifo cha Simoni ilinifikia saa nne asubuhi, nikiwa katika kikao cha kupanga nani akae chumba gani kwenye jengo letu jipya. Mtu niliyefanya naye kazi zamani aliniandikia ujumbe mfupi: "Fundi Simoni hatunaye. Mazishi kesho saa nane, Zuzu." Niliusoma mara mbili, nikalaza simu kifudifudi juu ya meza, nikaendelea kuwasikiliza watu wazima wakigombea dirisha. Kutoka ninapoishi hadi Zuzu ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Kwa miaka kumi na tisa nimeishi mji mmoja na mtu yule, mji ambao umekua mbele ya macho yetu ukajaa maghorofa na barabara pana, na sikuwahi kukanyaga nyumbani kwake. Nimepita Zuzu kwa treni mara nyingi, na kila mara nilikaa upande wa pili, ule usiotazama nyumba yake. Nilipotoka kikaoni nilikwenda msalani nikanawa uso, kisha nikasimama pale nikijitazama kwenye kioo. Machozi hayakuja. Kilichonijia ni chumba, chenye sakafu ya saruji nyekundu na meza ndefu, na harufu ya risasi inayoyeyushwa.

Chumba hicho kilikuwa sebule ya nyumba ya kupanga pale Kikuyu, na ndiyo iliyokuwa karakana yetu. Ukoo wangu na shule nilizopita nitaziacha, maana hazielezi chochote katika yaliyotokea. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na cheti cha kompyuta, na kampuni ndogo iliyokuwa ikifunga mitandao isiyotumia waya ilinichukua mwezi wa saba, wakati upepo wa Dodoma unapopeperusha vumbi hadi ndani ya meno. Tulikuwa watu watatu tu: meneja, ambaye chumba chake kilitengwa na sebule kwa pazia la kitenge, Simoni, fundi mkuu, na mimi. Nilipanga chumba kimoja mtaa wa pili, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akianika mlenda juu ya bati la choo, na kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba nilijua sala za jirani yangu kwa moyo. Huwa nakikumbuka kile chumba kuliko nyumba zote nilizoishi baadaye. Kilikuwa na kitanda, ndoo mbili, na msumari mmoja ukutani, na nilikuwa nikiamka humo kila asubuhi nikiwa na hamu ya kwenda kazini. Hamu hiyo sijaipata tena.

Simoni alikuwa amepita miaka arobaini, mrefu, mkavu, Mgogo wa Zuzu aliyejifunza ufundi kwa kutengeneza redio za mbao na baadaye redio za upepo za reli. Hakuwa mtu wa maneno. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda na kifaa kilichofunguliwa, akasema, "Tazama kwanza. Usiguse mpaka umekijua." Nilitazama hadi saa saba. Saa saba alifungua hotpoti aliyofungiwa na mkewe, tuliyemwita Mama Neema, ndani yake mna ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, akaugawa katikati kwa kijiko kana kwamba tulikuwa tumekubaliana tangu zamani. "Kula," alisema. "Uwele ukipoa unakuwa jiwe." Tangu siku ile nilikula chakula cha mwanamke yule karibu kila siku kwa miezi minane, na tulionana naye mara mbili tu. Alipojua kwamba tunakula wawili, hotpoti ilibadilishwa ikaja kubwa zaidi.

Kazi iliyotuweka hai mwaka ule ilikuwa kuunganisha kituo cha afya cha kijiji kimoja, mbali kupita Mvumi, na hospitali moja ya mjini. Kijiji hicho sitakitaja, na hospitali hiyo pia sitaitaja. Siku zile simu za mkononi hazikushika kule. Mtu akitaka kupiga alipanda mwamba nyuma ya shule na kuinua mkono. Mradi uliotuajiri ulitaka kituo kiwe na intaneti, na juu ya intaneti hiyo kiwe na simu ya mezani, ili nesi aweze kuzungumza na daktari. Tulifunga antena juu ya paa la hospitali, nyingine juu ya kilima cha mawe katikati ya safari, na ya mwisho juu ya bati la kituo. Kupanda kile kilima na betri mgongoni kulinitoa kucha mbili. Jioni ya siku tulipopata mawimbi, Simoni aliketi juu ya jiwe, akafungua kompyuta juu ya mapaja yake, akaniita nikae karibu.

"Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu," alisema. "Ruta ya hospitali ndiyo inayogawa anwani. Kila kifaa, hata kile cha kijijini, kinapewa jina lake na ile. Hiki chetu cha kule kituoni tunakiweka katika hali ya daraja. Kisigawe kitu, kisizuie kitu, kipitishe tu. Umenielewa?"

"Nikikiacha kiwe ruta?"

"Utaona kinafanya kazi. Hilo ndilo baya lake. Intaneti itafunguka, nesi atapiga simu mjini na atasikika. Lakini daktari akipiga kutoka mjini hampati, maana kifaa kimejifanya mwenye nyumba, kimefunga mlango, na aliye nje hakijui kilicho ndani." Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Kwa hiyo ukimaliza, piga. Halafu upigiwe. Kupiga peke yake si kujaribu."

Nesi wa kituo aliitwa Paulina, mwanamke wa upande wa Chemba, mwenye mabega ya mtu aliyebeba maji utotoni. Siku simu ilipoanza kufanya kazi aliipiga hospitali, akasalimiana na daktari, akakata. Kisha daktari akampigia, na ile simu ilipoita alicheka hadi akakaa chini. Baadaye aliomba apige mara moja tu kwa dada yake aliyekuwa akifanya kazi mjini, na tukamsikia akisema kile kilugha chao cha kugonga ulimi kwenye kaakaa, haraka haraka, huku Simoni akijifanya anakunja waya ili asionekane anasikiliza. Tulikula pale kituoni, maziwa mgando na ugali, kwenye chumba cha kupimia watoto, chini ya mizani iliyoning'inia kwenye boriti. Nikisema mwaka ule ulikuwa na siku moja ya furaha kamili, ilikuwa hiyo.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na mbili na mwaka ule zilikuwa kubwa. Watu wa Dodoma hatulalamiki kuhusu mvua, lakini makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu yalianza kushusha maji mekundu, na njia ya kwenda kijijini ilikatwa mara kwa mara. Mwezi wa pili radi ilipiga karibu na kituo na kifaa cha juu ya bati kikaganda. Simoni alikuwa na homa, amelala Zuzu. Meneja alisema kazi inaweza kungoja, nami nikasema naweza kwenda. Nilitaka sana kwenda. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kushika ngazi. Simoni aliposikia alipiga simu ofisini, sauti ikiwa imekauka, akaniuliza kama nakumbuka. Nilimwambia nakumbuka.

Nilipata lifti kwa gari la Landrova lililokuwa likipeleka mbegu, na dereva aliniambia wazi kwamba ataondoka saa tisa kwa sababu mawingu yalikuwa yakijikusanya. Nilipanda kwenye bati, nikakirudisha kifaa katika hali ya kiwandani, kikawaka. Hadi hapo nilijivuna. Nikakiweka katika hali ya daraja, na papo hapo kompyuta yangu ikapoteza njia, maana kifaa kilichokuwa kikinipa anwani kilikuwa kimeacha kugawa. Nilipaswa kuiandikia kompyuta anwani kwa mkono, kisha kuingia tena na kumalizia. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimemwona Simoni akifanya mara kumi. Lakini kila nilipojaribu nilikosea namba moja, na skrini ikabaki nyeupe, na mara tatu nikalazimika kukirudisha kiwandani na kuanza upya. Chini dereva alikuwa akipiga honi. Tone la kwanza la mvua liliponipiga shingoni nilikiacha kama kilivyokuwa, katika hali ya ruta, nikachomeka jina la mtandao na neno la siri, na intaneti ikafunguka. Nilishuka, nikainua ile simu, nikapiga ofisini. Meneja akapokea. "Vizuri sana, Mariamu," alisema. Sikumwomba anipigie. Nilijua kwa nini sikumwomba. Paulina alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akanishukuru, akanipa mahindi mawili ya kuchoma ya kula njiani. Ndani ya gari, kalamu ikirukaruka, niliandika kwenye daftari la kazi: "Imewekwa daraja. Simu imejaribiwa." Nilijiambia kwamba nitarudi wiki ijayo. Wiki ijayo njia ilikuwa imefungwa, na Simoni alikuwa amepona na ametingwa na kazi nyingine, na mimi nilianza kuamini daftari langu.

Siku kumi na mbili baadaye mwanamke aliyeitwa Yunisi alijifungua nyumbani kwao, kijijini kule kule. Mtoto alitoka mzima. Mama hakuacha kutoka damu. Walimleta kituoni karibu na saa sita mchana, amelazwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na Paulina alipomwona alikwenda moja kwa moja kwenye simu akampata daktari. Daktari alimwambia gari litatoka, ila halitaweza kuvuka korongo. Litasimama ng'ambo, na wao wamvushe mgonjwa kwa machela, kwani maji yalikuwa bado ya magotini. Lakini gari lenyewe lilikuwa nje, lilipaswa kwanza kutafutwa. "Usimtoe kitandani kabla," daktari alisema. "Asije akanyeshewa kando ya maji mkingoja gari ambalo halijaondoka. Kaa karibu na simu. Nitakupigia." Haya yote niliyasikia baadaye, mara nyingi, kutoka vinywa tofauti, na hakuna hata mmoja aliyeyabadili. Gari lilipatikana upesi kuliko walivyotarajia. Daktari akapiga. Akapiga tena. Akamwambia dereva aende tu, watakutana korongoni. Dereva alifika, akasimama ng'ambo kwa saa nzima, hakuona mtu, na maji yalipoanza kupanda akageuza, akiamini kwamba mgonjwa amekufa au amepona. Paulina alikaa karibu na simu. Kwa mkono mmoja alimkandamiza Yunisi tumbo na sikio aliliacha upande wa meza. Alipokata tamaa na kupiga yeye, gari lilikuwa limeshageuza na korongo limejaa. Yunisi alikufa kabla ya saa kumi.

Tulikwenda kesho yake, Simoni na mimi. Korongo lilikuwa limeshuka likaacha matope yenye harufu ya mizizi. Paulina alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kituo na hakuinuka. "Aliniambia nisikae mbali na simu," alimwambia Simoni. "Sikukaa mbali. Muulize yeyote." Simoni alimwambia hakuna anayemlaumu. Tuliingia ndani. Kitanda kilikuwa kimeoshwa na godoro limesimamishwa ukutani likauke. Simoni alifungua kompyuta, akaingia kwenye kifaa, na mimi nikiwa nyuma ya bega lake nikauona ukurasa uleule niliouacha. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji kutazamwa.

"Ulipigiwa?" aliniuliza, bila kugeuka.

"Hapana."

Aliandika anwani kwa mkono, akabadilisha hali, akamalizia. Kazi iliyonishinda siku ile yeye aliimaliza muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Kisha akapiga ofisini akaomba apigiwe. Simu ikaita. Iliita kwa sauti kubwa katika chumba kile kitupu, na Paulina akainuka pale kwenye ngazi, akaziba masikio kwa viganja viwili, akaondoka akitembea kuelekea mashambani. Ikaendelea kuita. Simoni hakuipokea upesi. Nadhani alitaka niisikie.

Baada ya wiki mbili watu wa mradi walikuja Kikuyu wakiwa na daktari, wakakaa chumbani kwa meneja nyuma ya pazia la kitenge. Mimi niliwekwa sebuleni nisubiri kuitwa. Daftari langu lilikuwa kwao. Nilikuwa nimepanga maneno yangu usiku kucha na nilikuwa na nia, Mungu anajua, ya kuyasema, lakini Simoni aliitwa kwanza. Pazia haliwezi kuzuia sauti. Nilimsikia mmoja wao akisoma, "Imewekwa daraja, simu imejaribiwa," kisha akauliza inawezekanaje kifaa kilichowekwa daraja kikutwe ni ruta. Halafu nikamsikia Simoni akisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia kuniambia uwele ukipoa unakuwa jiwe: "Binti alikiweka sawasawa. Mimi nilikibadilisha baadaye, nikiwa hapa ofisini. Nilikuwa najaribu kitu kutoka mbali. Nikasahau kukirudisha." Meneja akamuuliza kama ana hakika na anachosema. "Nina hakika." Daktari alisema jambo ambalo sikulisikia vizuri, kisha akasema kwa sauti ya juu zaidi, "Huenda tungemwokoa. Sisemi hakika. Huenda." Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa ile meza ndefu. Ilikuwa hatua nne hadi kwenye pazia. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile. Waliponiita waliniuliza swali moja tu, kama maandishi yale ni yangu, nami nikasema ndiyo.

Ijumaa ya wiki ile Simoni alikusanya koleo zake. Nilimfuata hadi kwenye baraza, nikamwita, "Fundi."

"Una miaka mingapi?" aliniuliza.

"Ishirini na sita."

"Mimi nina shamba," alisema. Akazifunga koleo kwenye kitambaa. "Ukiiacha kazi hii leo utaogopa vifaa maisha yako yote. Kaa. Ila usiandike tena kitu ambacho hukukifanya. Na wale watu wa kule uwaendee. Si lazima leo. Uwaendee." Nikamwitikia. Aliniacha nimesimama pale na hotpoti mikononi, kwa sababu siku hiyo alikuwa ameileta kama kawaida na hatukuwa tumeifungua. Nilikula peke yangu, wima, kwa sababu sikujua nifanye nini nacho kile chakula. Mwezi uliofuata nilipewa nafasi yake.

Watu husema wakati huponya. Mimi niliona wakati unafunika, na ni mambo mawili tofauti. Mwaka wa kwanza nilijiambia nitakwenda kiangazi. Kiangazi kilipofika nilijiambia kwamba kuwaendea wafiwa na habari mpya ni kuwachubua kidonda. Baadaye nilipanda cheo, nikahama kampuni, nikaingia ofisi kubwa, nikawa mtu wa kuwafundisha wengine, na vijana wangu wananijua kwa ukali wa jambo moja: sikubali mtu aseme amejaribu mpaka apigiwe mbele yangu. Wanacheka nyuma ya mgongo wangu. Nilisikia kwamba Simoni anatengeneza redio na simu kwenye kibanda pale Zuzu, kwamba analima zabibu kidogo, kwamba Paulina aliacha unesi akarudi kwao Chemba. Kila habari ilinifikia na kila habari niliipokea kama mtu anayesikia kuhusu nchi ya mbali.

Mazishini nilikaa nyuma, kwenye turubai la wanawake. Udongo wa Zuzu ulikuwa mkavu na upepo uliwarushia wachimbaji vumbi usoni. Sikumjua mtu. Waliposoma historia ya marehemu walisema alikuwa fundi hodari, na kwamba aliwahi kufanya kazi mjini na kuacha. Ndivyo walivyosema, kuacha. Watu walipoanza kutawanyika nilikwenda ndani, ambako Mama Neema alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kanga nyeusi kichwani. Alinitambua kabla sijajitaja. Nilimwamkia, nikampa pole, nikapiga magoti pale pale mkekani nikasema yale niliyopaswa kuyasema nyuma ya pazia: kwamba si Simoni aliyeharibu, ni mimi, na kwamba nilimwacha aibebe.

"Najua," alisema. "Aliniambia jioni ile ile."

Nilimwomba msamaha. Alinitazama bila chuki, na bila huruma pia.

"Mimi nilikukasirikia miaka mingi," alisema. "Sasa nimechoka, sina hasira. Yeye hakukasirika. Alikuwa akisema, yule binti atawaendea wale watu, mpeni muda. Mwanzo alikuwa akiuliza kila akionana na mtu wa kule, kama kuna mwanamke amekuja kutoka mjini. Baadaye akaacha kuuliza." Akarekebisha kanga. "Ulikwenda?"

"Sikwenda."

"Basi umekuja nyumba isiyo yenyewe," alisema. "Mimi huna la kuniambia ambalo sikulijua."

Mtu aliingia akiwa na sinia la wali na akanikaribisha. Sikuweza kula. Mama Neema akanisogezea bakuli la kunawia mikono, akasema, "Kula. Unakokwenda ni mbali."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Barabara ya Mvumi sasa ni lami, na mbele yake, pale korongoni, wamejenga daraja la zege. Simu yangu ilishika mtandao njia nzima. Kituo cha afya kimepanuliwa na hakuna anayekumbuka antena yetu. Niliuliza nyumba ya akina Yunisi nikaonyeshwa nyumba ya tofali za kuchoma, uani mna tembe ya zamani iliyobomoka upande mmoja. Mama yake Yunisi alikuwa akipepeta mtama. Ni bibi sasa, mdogo wa umbo, jicho moja lina ukungu. Nilimsalimu, "Mbukwa, bibi," akaitikia, akafurahi kusikia salamu ya kwao kwa mgeni, akanipa kigoda, akamwita mjukuu alete maji. Msichana mrefu alitoka ndani na kikombe, akanipa kwa mikono miwili, akarudi. "Huyo ni Tabu," bibi alisema. "Ndiye alobaki."

Nilimweleza. Nilianza vibaya, nikaanza tena. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyefunga kifaa cha simu pale kituoni, kwamba nilikifunga vibaya nikaandika kwamba ni vizuri, na kwamba siku ile daktari alipiga simu haikuita. Alinisikiliza huku vidole vyake vikichambua chenga ndani ya ungo.

"Simu gani?" aliuliza.

"Simu ya nesi. Ndiyo aliyotumia kuomba gari."

"Gari," alisema. Vidole vikasimama. "Aliomba gari? Mimi nilibaki hapa na kichanga."

Ndipo nilipofahamu kwamba hakuna aliyewahi kumwambia. Kikao chetu, daftari, pazia la kitenge, kazi aliyoipoteza Simoni, yote yalifanyika mjini baina ya watu wa mjini, na hapa hakuna neno lililofika. Nilimweleza kwamba gari lilitoka. Kwamba lilifika, likasimama ng'ambo ya korongo saa nzima likiwangoja.

Kuku walisogea wakaanza kula mtama kwenye ukingo wa ungo na hakuwafukuza.

"Mimi ndo nilisema azalie hapa," alisema mwishowe. "Mumewe alitaka kumpeleka mapema. Mimi nikasema, wote niliwazaa humu ndani, wewe una haraka gani. Alipokufa, yule mkwe alisema mbele ya watu, mama huyu kaniulia mke. Akaondoka, hajarudi. Watu wakasema kweli. Na mimi nikasema kweli." Alinyoosha kidole kuelekea ndani. "Huyo mtoto kakua anasikia hivyo. Bibi yako ndiye alochelewesha."

Nilimwambia sijui kama angepona. Nilimwambia daktari mwenyewe alisema huenda. Sikutaka kumpa zaidi ya ninachokijua, kwa sababu nilikuwa nimeshatoa neno la uongo mara moja katika kijiji kile.

"Lakini gari lilikuja," alisema.

"Lilikuja."

"Na walikuwa na muda wa kumvusha."

"Walikuwa nao, bibi. Maji yalikuwa ya magotini."

Aliweka ungo chini. Hakunilaani, wala hakunishika mkono, na sikuona usoni pake kitu ambacho naweza kukiita msamaha. Aligeukia mlango akaita, "Tabu. Acha hiyo kazi. Njoo ukae hapa." Msichana alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akakaa chini karibu na bibi yake, akanitazama akingoja. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakujua mimi ni nani.

"Haya, mwanangu," bibi aliniambia. "Sema tena na huyu asikie. Sema polepole. Anzia pale gari lilipotoka mjini."